Sauti ya Mama Ndani ya Kompyuta ya Shule

Jambo hili sijamwambia mtu yeyote, hata rafiki yangu tunayeketi naye dawati moja. Mimi ni msichana wa miaka kumi na sita, niko Form Two katika shule ya kutwa huku Ruiru. Nyumbani ni Kiandutu, Thika, chumba kimoja, mimi na mama na wadogo zangu wawili. Jina langu tafadhali msiliandike. Mimi si mtu wa kuongea. Nikiulizwa swali, kwa Kiingereza ama kwa Kiswahili, jibu huwa ninalo lakini mdomo unakataa.

Muhula huu kiwanda kimoja cha nguo cha Thika kiliipa shule yetu kompyuta yenye spika na kila kitu. Mwalimu wetu alifurahi kama mtoto. Akatugawa vikundi, kila kikundi kitengeneze project ya picha na sauti kuhusu kazi za watu wa kwetu. "Siku zinakuja," akasema, "darasa halitahitaji chaki. Mtoto ataongea hapa Ruiru asikike Kisumu." Halafu akatueleza atakavyosahihisha: sauti ya mtu anayeongea kikwelikweli itapata alama nyingi kuliko ya mtu anayesoma karatasi, na lazima mwenye sauti awe amekubali.

Wavulana wa kikundi chetu walipiga picha, mimi nikaachiwa sauti. Sasa na aibu yangu hii ningemwendea nani? Jioni moja mama alikuwa mlangoni akichagua maharagwe na jirani yetu, Mama Wanja. Mama anafanya kazi kiwanda hicho hicho. Nikaweka kaseti kwenye redio, nikabonyeza kurekodi, nikajifanya nasoma.

Mama akasema, "Supavaiza hutufungia na kufuli mpaka kitambaa kiishe. Juzi mwenzetu mjamzito alizirai, tukaambiwa tuseme alikuja kazini akiwa mgonjwa."

"Ngai, Mungu wangu! Na meneja?" Mama Wanja akauliza.

"Meneja? Huyo hupita hivi." Mama akaziba pua na leso, akaigiza sauti, "'Good, good, carry on!' Utadhani ni sisi tunanuka, si hizo rangi zake za vitambaa!"

Wakacheka mpaka maharagwe yakamwagika. Na mimi nikajua hakuna kikundi kitatushinda.

Mwalimu alipoisikia alitupa alama za juu kuliko wote. Mama hakutaja jina la kiwanda, kwa hivyo mwalimu hakujua ni kipi. Akaniuliza, "Huyu mama amekubali?" Nikasema ndiyo. "Ni nani?" Nikasema ni jirani. Wavulana wakanipigia makofi, "Kumbe huyu kimya ndiye moto!" Nilifurahi, siwezi kudanganya.

Juzi mwalimu akatangaza kwamba siku ya wazazi project yetu ndiyo itachezwa mbele ya watu wote. Mgeni wa heshima ni meneja wa kiwanda kilichotupa kompyuta. Haki, ni meneja yule yule wa mama! Atajisikia akiigizwa na atajua ni mfanyakazi wake. Kule watu hufutwa kwa kuchelewa tu. Mama akifutwa tutakula nini? Baba hatuna.

Nilimfuata mwalimu nikamwomba tubadilishe sauti. Akacheka. "Wacha haya, msichana. Kazi nzuri haifichwi. Na nimeshaiingiza kwenye kompyuta." Nikarudi darasani.

Nikisema ukweli, wenzangu watapoteza alama kwa uongo wangu. Nikimwambia mama, atajua kwamba ndani ya nyumba yake mwenyewe hawezi kuongea. Kitabu nakisoma bila kukiona. Saa nyingine natamani stima ipotee siku hiyo, spika zizime, na shule nzima ikose kuisikia.

Wasomaji, ninyi mna mioyo ya wazazi. Nianze kwa nani, mama ama mwalimu, na nifungue mdomo vipi? Msiniambie niombe Mungu tu, nimeomba. Nishaurini, nifanye nini?

Nasikia viatu vya mama vinakuja. Amesimama nje, anamwambia Mama Wanja kwamba supavaiza amempa ruhusa siku ya wazazi, na ataketi mbele kabisa asikie kazi ya msichana wake. Sasa anashika mlango. Wacha niifiche karatasi