Kidirisha cha Kijani

Katika nyumba za polisi za Nsambya, alikozaliwa na kukulia Aol, kila mtoto alijulikana kwa kazi ya baba yake. Walikuwepo watoto wa bendi, watoto wa mbwa, ambao baba zao walitunza mbwa wa kunusa, na watoto wa barabara. Aol alikuwa mtoto wa barabara. Baba yake, Koplo Okidi, alisimama miaka ishirini na sita kwenye makutano ya Kampala akiwa na sare nyeupe, akizuia magari kwa kiganja na kuyaruhusu kwa kidole.

Alipostaafu, ilibidi wahame. Mama, Abalo, alirudi Kitgum kulima mashamba yaliyokuwa yamekaa bila mtu. Baba na binti wakapanga vyumba viwili bondeni Katwe, kati ya karakana za mafundi wa vyuma: Aol kwa ajili ya kazi yake, mzee kwa ajili ya ugonjwa wa presha, uliotaka dawa na vipimo kila baada ya muda.

Kazi ya Aol haikuwa rahisi kuielezea. Alikuwa katika kampuni ndogo ya programu za simu, ofisi ya vyumba vitatu huko Mbuya, na yeye ndiye aliyeshughulikia sura. Zaidi alishughulikia vile vidirisha vinavyochomoza katikati ya skrini kukuuliza jambo au kukupa habari, na usiweze kuendelea mpaka umevijibu. Simu huja na vidirisha vyake vya kijivu, pembe kali, maandishi makavu. Aol alivivua sura hiyo na kuvivisha nyingine. Alizungusha pembe, akaongeza kivuli chepesi, akafifisha skrini ya nyuma ili macho yasitangetange, akachagua rangi na umbo la kitufe. Siku moja mzee alimuuliza kinachomweka ofisini kutwa nzima, naye akamwonyesha.

Okidi aliangalia, akacheka, akasema kwa Kiswahili chake cha kambini: "Kumbe wewe nashonea simu nguo!"

Tangu siku hiyo aliwaambia majirani kwamba binti yake ni fundi cherehani wa simu.

Kisha kliniki moja ya binafsi ikataka programu ya kuwapelekea wagonjwa majibu ya vipimo. Zamani muuguzi aliwapigia mmoja mmoja. Sasa kidirisha kingetosha. Mkuu wa kampuni, Mkongomani mpole aitwaye Ephraïm, alisema vidirisha vyote vivae rangi ya kliniki, yaani kijani, na juu yake alama nyeupe ya vema.

"Vyote?" Aol aliuliza kikaoni. "Hata vya majibu mabaya? Naomba hivyo nivipe sura tofauti."

"Dada Aol, mgonjwa akiona nyekundu anaogopa, anafuta programu. Sura moja tu. Inatuliza moyo."

Ilikuwa Ijumaa, na mteja alitaka kuona kazi Jumatatu. Aol akaandika mtindo mmoja, vidirisha vyote vikaurithi. Akaruhusu pia kidirisha kifungwe kwa kugusa popote nje yake, maana watu hawapendi kuzuiwa njia.

Kliniki ile ndiko alikotibiwa Okidi. Aol mwenyewe alimwekea programu kwenye simu, na mzee akawa anaifungua hata pasipo na haja, ili tu amwonyeshe mtu. "Hii nguo alishona mtoto yangu," angesema.

Mwezi wa tatu miguu ya mzee ilianza kuvimba. Alijipeleka kliniki akatolewa damu. Siku mbili baadaye, walipokuwa wakinywa chai ya asubuhi, Aol alimuuliza kama majibu yametoka.

"Yametoka. Niko sawa."

Aol akashukuru Mungu, akachukua mkoba wake akaenda kazini. Hakuomba kuyaona. Hilo nalo lilikuja kumtesa baadaye.

Wiki tatu zilipita. Jumanne moja asubuhi mzee alianguka mlangoni akiwa na ndoo ya maji, na mafundi wa jirani wakambeba hadi kwenye gari. Hospitalini daktari alimchunguza, akamwita Aol kando.

"Figo zimeshindwa, na si jambo la leo. Hakupimwa?"

"Alipimwa. Majibu yalikuwa mazuri."

"Una hakika?"

Aol alitoa simu ya baba yake kwenye mkoba, akafungua orodha ya ujumbe wa zamani. Ulikuwepo, kwa Kiingereza, herufi ndogo nyeupe juu ya kijani: kipimo cha figo si cha kawaida, rudi kliniki ndani ya siku mbili. Kumbukumbu za programu, ambazo yeye alijua pa kuzitafuta, zilionyesha kwamba kidirisha kilifunguliwa na kufungwa ndani ya sekunde nne.

Aol alirudisha simu mkobani. Akakaa kwenye benchi la ukumbini mpaka muuguzi akamuuliza kama naye ni mgonjwa.

Siku ya pili mzee alikuwa na fahamu. Aol alimshika mkono.

"Baba, ule ujumbe wa majibu. Uliusoma?"

"Kusoma nini? Macho yangu imechoka, nyara," akasema, akimwita "binti yangu" kwa Kiacholi. "Niliona ile nguo yako ya kijani, na alama ya vema. Nikajua nimepita. Nikabonyeza."

Aol angeweza kuliacha hapo. Lakini alikuwa hajawahi kumficha baba yake jambo.

"Baba, ilikuwa inakuambia urudi upesi. Ilisema figo zako si nzuri."

Okidi aliangalia dari. Kisha akageuza kichwa taratibu.

"Basi mbona kijani?"

Mzee aliomba maji, akanywa kidogo, akalala. Hakuuliza tena. Siku ya sita alifariki.

Daktari alimwambia Aol kwamba wiki tatu pengine zingemsaidia, na pengine zisingemsaidia. Walimzika Kitgum, nyuma ya nyumba ya kaka wa mzee, na polisi wanne wastaafu wakapiga saluti.

Aliporudi Mbuya, Ephraïm alisimama kumpokea. "Pole sana, dada. Chukua siku nyingine upumzike."

Aol aliweka simu ya baba yake mezani, akamwonyesha ule ujumbe, akamweleza yote. Ephraïm aliusoma mara mbili, akavua miwani. Kutwa ile Aol na mwenzake Moreen, Mkenya aliyeshughulikia kumbukumbu za programu, walitafuta kila ujumbe wa dharura uliofungwa chini ya sekunde tano. Zilipatikana jumbe thelathini na nane.

Kliniki ilimrudisha muuguzi kwenye simu. Alipiga siku mbili mfululizo. Wengi walikuwa wamekwisha kurudi wenyewe. Tisa hawakujua lolote, wakaja. Simu moja ilipokelewa na mwanamke, akasema kwa sauti kavu, "Mwenye simu tumemzika Jumapili."

Baada ya hapo Ephraïm hakubishana tena kuhusu rangi.

Aol alikishona upya kidirisha cha dharura: cheupe, herufi nyeusi nene, bila alama ya vema, katika lugha anayoichagua mgonjwa mwenyewe. Kugusa nje hakukukifunga. Kilikuwa na vitufe viwili, cha kusema nitarudi na cha kusema nipigieni, na mgonjwa asipobonyeza chochote kwa siku nzima, muuguzi angempigia. Kabla ya kukipeleka kliniki alizunguka nacho Katwe, akiwaomba watu wazima wamwambie wanachoona. Mzee Saverio, fundi wa milango ya chuma, aliisogeza simu mbali na uso.

"Hii inasema kuna shida," alisema. "Inasema niende."

"Asante sana, mzee," Aol akajibu. Akatoka, akapita nyuma ya milango iliyoegemezwa ukutani, akalia mpaka shingo ikamuuma.

Mwezi wa sita mama yake alimpigia, wakaongea Kiacholi kama kawaida yao.

"Nimekuwa nikiwaza," Abalo alisema. "Mtu anaumwa figo wiki zote hizo. Kwani hakuna aliyemwambia?"

"Alipelekewa habari, mama. Hakuielewa."

"Nani anampelekea mzee habari asiyoielewa?"

Aol aliegemea ukuta.

"Ni kazi yangu, mama. Mimi ndiye niliyeitengeneza vile."

Upande wa pili kulisikika kuku, na upepo ukipuliza kwenye simu. Halafu mama alisema ufuta umezidiwa na magugu na jua linapanda, anahitaji kwenda shamba, na simu ikakatika.

Jumapili iliyofuata alipiga tena. Walizungumza habari za ufuta, na mvua, na ndugu zao wa Pajule. Jambo lile hakuligusa tena, wala Aol hakuweza kujua kama amesamehewa.