Nani Alikuwa Akimpikia?

Hapa Nyangamara, ukitaka kujua kama Mwahija amesoma vizuri, usitazame nyuso za watu, tazama lundo lake. Sisi wanawake tunaobangua korosho barazani kwa Bi Fauzia tuna utaratibu wetu: mmoja asome, wengine tubangue. Mikono yetu ina majivu na mafuta yanayounguza, haifai kushika kitabu. Kwa hiyo kila mmoja hutupia kiganja cha korosho upande wa msomaji, naye jioni haondoki mikono mitupu. Hadithi ikiwakera watu, lundo linadumaa.

Mwahija aliishia kidato cha nne, na sauti anayo. Ametusomea mapenzi, uchawi na upelelezi, tukacheka, tukalia. Mwaka huu akaja na riwaya ya zamani, kurasa zimepauka, jalada halipo. Ndani yumo mwanamume mgeni aliyejenga kibanda nje ya kijiji. Haitikii salamu, arusini haonekani. Mwishowe anachoma ghala la kijiji na kukimbilia msituni.

Sote tulijua ni moto gani tulioukumbuka. Kiangazi kilichopita Sadick, kaka yake Mwahija, alichoma shamba lake bila kufyeka mpaka. Upepo ukaupeleka moto kwenye mikorosho ya Bi Fauzia, na miti aliyoipanda marehemu mumewe ikabaki vigogo vyeusi. Badala ya kwenda kuomba radhi, Sadick alihamia kibanda cha shambani akajifungia na aibu yake. Hakanyagi kijijini, na hakuna aendaye kwake ila dada yake.

Mimi nilisema yule mtu wa kitabuni ni shetani, basi. Mwenzangu akasema kijiji ndicho kilichomharibu, maana tangu aje hakuna aliyemkaribisha hata maji. Tukabishana hadi korosho zikapoa. Mkono wa Bi Fauzia ukaacha kutupia. Wengine nao, kwa kumwogopa mwenye baraza, wakaacha. Siku zikapita, lundo halinenepi, na Mwahija, kichwa kigumu kama kaka yake, akaendelea kusoma. Nilimhurumia, na nilimkasirikia pia. Damu nzito kuliko maji, sawa, lakini binti, si una vitabu vingine?

Salome, mke wa jirani yangu, aliyeolewa hapa kutoka uwanda wa juu wa Wamakonde, si msemaji. Siku moja aliacha kubangua akauliza, "Huyo mtu huko msituni, nani alikuwa akimpikia?"

Mwahija alipekua. Kitabu hakikusema, na kurasa za mwisho zilikuwa zimechanika, hata hatukujua mtu yule aliishia wapi. Tukamwambia atutungie mwisho. Nikajua sasa atapata upenyo wa kumtakasa ndugu yake. Akakifunga kitabu.

"Mimi siwezi kumsemea," alisema. "Aliyechomewa ndiye aseme."

Bi Fauzia akanawa majivu na kuingia ndani. Alitoka na bakuli lake la maua, limejaa wali na kisamvu, kalifunika kwa kawa.

"Mpelekee huyo wako," alimwambia Mwahija. "Mwambie sijamsamehe. Na bakuli langu alilete mwenyewe."

Ujanja wa mtu mzima huo. Kwetu chombo cha mtu hakikai kwako siku nyingi, na hakirudi kitupu. Sadick aliweza kuukimbia moto, lakini bakuli la watu angelificha wapi?

Alichelewa, tukaanza kukata tamaa. Kisha mchana mmoja akatokea, amekonda, nywele timutimu, akasimama mbele ya baraza akilishika bakuli kwa mikono miwili. Akatoa shikamoo, Bi Fauzia akaitika marahaba. Ndani ya bakuli mlikuwa na mbegu za korosho, zile nzito za kupanda.

"Nisamehe, mama," alisema. "Niruhusu nizipande mwenyewe."

Bi Fauzia alizigeuzageuza mbegu kwa kidole, machozi yakimtoka bila kuyafuta. Salome akasogea, Sadick akapata nafasi ukingoni mwa mkeka. Ndipo Bi Fauzia akachota kiganja kizima cha korosho, akakitupia kwenye lundo la Mwahija.

"Anza upya," alimwambia. "Huyu hajasikia."