Unga Mweusi wa Mwalimu Elieth

Mwalimu Elieth alikuwa amechoka kuitwa mpika maji. Anafundisha kemia sekondari hapa Nyarero, na jioni zake zilikuwa zikiishia kwenye maikrowevu kuukuu aliyoinunua mjini Sirari. Haikupasha chakula. Alichukua maji machafu ya josho, yale yanayomwagwa bondeni ng'ombe wakishaogeshwa, akayatia unga mweusi wa mkaa wa magunzi uliochanganywa na chuma. Unga ulinyonya dawa ya kupe, kisha ndani ya maikrowevu ukapata moto mkali mpaka dawa ikavunjikavunjika. Alitaka jambo moja tu: josho lisimwage tena maji kabla hayajasafishwa, maana chini yake ipo chemchemi, na wanawe wanainywa.

Waitara, mwenyekiti wa kijiji, hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini. "Maji yale tunakunywa miaka yote, mwalimu. Nani kafa?" Kwa kusumbuliwa sana, akakubali kuja Jumamosi ajionee.

Na Jumamosi hiyo hiyo umeme ukakatika! Unga ulikuwa umeshanyonya sumu, umekauka kwenye sinia, unangoja moto. Elieth akakimbilia kwa jirani kuulizia jenereta. Jenereta mbovu. Akarudi, akakuta sinia tupu.

"Mama, unga wangu uko wapi?"

"Ule mkaa?" Bernadetha, mama mkwe wake, alijibu bila wasiwasi. "Ni laini kweli, mwanangu. Nimesugulia kibuyu cha maziwa."

Elieth alishika kichwa. Kibuyu husuguliwa kwa mkaa ili maziwa yanukie vizuri, ndivyo mama huyu alivyolelewa, amlaumu vipi? Akatazama uani. Waitara alikuwa ameshafika, ameshakaribishwa, kikombe cha maziwa ya kibuyu kile ki mkononi.

"Mwenyekiti, usinywe! Mkaa wa kibuyu hicho umebeba dawa ya josho!"

Waitara alikitupa kikombe. Akamfukuza hata mbwa asirambe. "Mnataka kuniua?"

"Pole, baba. Ngoja nikakisuuze," Bernadetha akasema, akashika njia ya chemchemi na kibuyu chake.

"Siyo huko, mama!" Waitara alifoka. "Huko si ndiko yanakoteremkia maji ya josho?"

Akajiziba mdomo. Elieth alimkazia macho.

"Hayo hayo, mwenyekiti, uyarudie kwenye mkutano wa kijiji."