Notisi Niliyombandikia Mama Kwenye Bustani ya Kanisa

Mwenzenu nimewahi kumpa mama yangu mzazi notisi ya kumwondoa bustanini. Akaipokea kwa mikono miwili na kusema asante.

Hapo nilipaswa kushtuka. Lakini mimi na akili zangu za ofisini, nikaona mama kanielewa.

Niko idara ya mipango miji. Ukifungua gereji au baa katikati ya nyumba za watu, mtu utakayemwona getini ni mimi.

Sasa, nyuma ya kanisa letu palikuwa na jalala. Baba alipofariki, mama alilala kitandani miezi mitatu. Siku moja akaamka, akachukua jembe, akalivamia lile jalala na wajane wenzake.

Mwaka haujaisha, pana mchicha, nyanya, bamia. Mtaa mzima unachuma pale.

Ile bustani ndiyo iliyonirudishia mama. Hilo nalijua.

Jumatatu moja bosi akanitupia barua mezani. Imechapwa, haina jina, chini imeandikwa "Jirani Mwenye Uchungu". Eti kiwanja cha kanisa kwenye eneo la makazi ni cha ibada tu, mbona kuna kilimo? Na kanuni imetajwa mpaka kifungu!

"Si ndipo kwa mama yako pale?" bosi akauliza.

"Ndiyo, bosi."

"Basi kabandike wewe, tusije kuambiwa tunapendeleana."

Nyie! Nilibandika ile karatasi huku wajane wananitazama utadhani nimeiba sadaka.

"Kumbe ndicho ulichosomea?" mmoja akanirushia.

"Mwacheni mwanangu, yuko kazini," mama akasema. Kisha akanigeukia, akapokea nakala yake kwa mikono miwili. "Asante. Na kikao cha majirani ni lini?"

Maana kanuni ndivyo inavyosema: likija lalamiko, majirani wanaitwa, wanasikilizwa, uamuzi unaandikwa na kupigwa muhuri.

Wiki ile mezani nilikuwa nang'aka tu. "Mama, nikimjua huyo jirani, atanitambua!"

"Hasira hasara. Kula."

Siku ya kikao ukumbi wa kanisa ukafurika. Nikauliza nani anapinga bustani.

Akasimama mmoja tu, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi ya kanisa, kavaa suti na jasho linamtoka. "Kanuni ni kanuni. Kilimo kiondoke."

Nikasema moyoni, nimekupata, Jirani Mwenye Uchungu.

Majirani wakampigia kelele hadi akakaa. Mikono ikanyooshwa, bustani ikaruhusiwa. Nikagonga muhuri: kwa miaka kumi matumizi hayabadilishwi bila majirani haohao kukubali.

Mwenyekiti akaondoka bila kuaga.

Nikarudi nyumbani kifua mbele. "Mama, mchawi wako nimemjua. Ni mwenyekiti wa kamati!"

Mama akacheka mpaka akashika mbavu.

"Yule? Yule alitaka mambo yaishe kimyakimya. Mwezi huu walikuwa wanaleta greda, wamwage lami, wapate pakingi ya magari. Mimi ndiye nafagia chumba chao cha vikao, karatasi zao naziona."

"Sasa barua kaandika nani?"

Akajigonga kifua. "Jirani mwenyewe huyu hapa. Na kitabu chako cha kanuni kile pale."

"Mama! Umejishtaki mwenyewe? Je, wangepinga?"

"Wapinge vipi na mboga wamezila wao?"

"Si ungeniambia tu, mimi mwanao!"

Kicheko kikaisha. "Nilikuambia. Mara mbili. Nilisema kanisa linataka kung'oa bustani yangu. Hukuinua hata macho kwenye simu. Ukasema, mama, kiwanja ni chao, ofisi haiwezi kuingilia mpaka kuwe na malalamiko ya maandishi."

Nikakumbuka. Jamani, nilisema vilevile, neno kwa neno.

"Basi nikaandika," mama akasema, akaenda zake kuosha vyombo.

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Mama yangu, ambaye analala chumba cha pili kutoka changu, amepitia masjala ya ofisi ili nimsikilize.

Funzo: ukitaka ofisi yetu ilinde unachokipenda, kishtaki.

Na wewe mwenye mzazi, akianza kuongea weka simu chini. Mimi siku hizi naweka. Nasikiliza hadi habari za funza wa nyanya, maana yule mama sasa anajua anwani ya bosi wangu.