Albamu ya Emerensiana

Songea nzima ilimjua Emerensiana kwa nyimbo za kuchezeka alizoimba Dar es Salaam na kundi lake la wasichana watatu. Mama yake alipofariki alirudi nyumbani, akaacha kundi na kurekodi albamu yake ya kwanza akiwa peke yake. Humo hamkuwa na kinanda wala midundo ya kompyuta. Kulikuwa na ngoma za lizombe, mchezo wa asili wa Wangoni, makofi, na nyimbo za Kingoni alizozisikia kwa mama yake wakipalilia mahindi.

Dastan, mtangazaji wa redio, alisikiliza wimbo mmoja hadi katikati. "Dada Eme, ni nzuri, lakini wasikilizaji wangu watasinzia. Huna ya kuchezeka?"

Siku ya uzinduzi watu walivumilia nyimbo mbili, kisha wakaanza kudai wimbo wa zamani wa kundi lake. Akawaimbia, wakacheza, wakaenda zao.

Kesho yake asubuhi alimfuata baba yake, mzee Sipriani, uani.

"Shikamoo baba. Naomba usikilize tu."

"Marahaba. Haya, weka."

Mzee alisikiliza kwenye simu ya bintiye. Wimbo wa tatu ulipoanza, alifunika uso kwa kofia.

"Umeimba kama yeye kabisa," alisema. "Mwanangu, usizipige tena hapa nyumbani. Siwezi."

Emerensiana akazima simu. Tangu albamu itoke hakuwa amepata sifa kubwa kuliko hiyo, wala hakujua aipokee vipi. Alikaa naye mpaka jua likawafikia, kisha akaingia ndani kumkorogea uji.