Kabichi na Ndoo Moja ya Maji

Kwa miaka kadhaa nilikuwa na ulimi mkali kuhusu ng'ombe. Ukipitisha mifugo yako karibu na kijito chetu, huku bondeni chini ya Lukozi, ungenisikia. Wangu alikuwa mmoja, wa maziwa, nikimfuga bandani. Kinyesi na mkojo viliingia kwenye mtambo wa gesi, masalia yakaenda shambani, na maji ya kijito yalishuka kwa majirani yakiwa safi. Wageni wa kikundi chetu cha wafugaji waliletwa kwangu kuona. Nilivimba kichwa, sitaficha.

Kikundi kina utaratibu wake: aliyepewa ng'ombe hulipa kwa ndama jike wa kwanza, ambaye huenda kwa anayefuata kwenye orodha. Wangu alikuwa ameshazaa dume, na sasa alikuwa na mimba ya miezi minane. Anayefuata alikuwa jirani yangu wa ng'ambo ya kijito, mjane wa rika la mama yangu. Alikuwa amesubiri miaka minne. Alishajenga banda, akapanda majani ya malisho kwenye kingo za matuta yake yote, kama tunavyotakiwa, na kila alipopita kwangu aliweka kiganja juu ya tumbo la ng'ombe na kucheka peke yake.

Kiangazi kile kilikaza. Wengi walifyeka majani ya matuta mpaka kwenye mizizi. Mimi nilikataa, maana usipobakiza walau shubiri moja, mvua ya kwanza inabeba udongo wote. Nikawa nahangaika na lishe. Ndipo yule mama akaniletea gunia la majani ya kabichi, amelibeba kichwani.

"Mengine nimeyapiga dawa majuzi, wadudu walizidi," aliniambia. "Uyaoshe, mwanangu. Maji mengi."

"Nitayaosha, mama. Asante sana."

Kuyaoshea kijitoni nisingeweza. Hiyo ingekuwa sumu kwa kila anayechota huko chini. Ilibidi nipandishe maji nyumbani. Pipa lilikuwa nusu, na maji hayo nilikuwa nimeyatenga kwa kukorogea samadi ya mtambo. Mgongo ulikuwa unaniuma. Nikayamwagia majani yote ndoo moja, nikayageuzageuza kwa mkono, nikamtupia ng'ombe.

Alasiri alianza kutoka udenda. Mapaja yakamtetemeka, akalala, akawa anavuta pumzi kwa shida mpaka nikatoka nje nisimsikie. Daktari wa mifugo alipofika na pikipiki kutoka Soni, ng'ombe alikuwa ameshakufa. Nilimwomba ampasue. Ndama alikuwa jike, manyoya yameshaota.

"Sumu," alisema. "Nyama isiliwe, na mzikeni mbali na maji."

Tulimzika mbali na maji, shimo refu, kila kitu kama inavyotakiwa.

Yule mama alikuja kesho yake asubuhi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Alikuwa jike?"

"Jike."

Kisha akauliza taratibu, bila kunishutumu, "Yale majani uliyaosha?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema ukweli. Niliwafikiria wageni wa kikundi, nikawafikiria wote niliowahi kuwafokea pale kijitoni.

"Niliyaosha, mama," nikasema. "Kwa maji mengi."

"Basi ni dawa yangu," akasema, akakaa chini palepale mlangoni mwa banda. Nilimshika bega nikamwambia ni mipango ya Mungu. Nilijichukia maneno yakiwa bado mdomoni.

Baadaye wanakikundi walinichangia ng'ombe mwingine, kwa kuwa mimi ni mfugaji wa mfano. Yule mama anamkatia majani ya kwenye matuta yake, yale aliyompandia ndama, na kuniletea mzigo mmoja kila asubuhi. Nikimkatalia anauweka chini na kuondoka.

Kwenye mkutano uliofuata alisimama, akaomba atolewe kwenye orodha. Alisema mtu aliyeua ng'ombe wa mwenzake hafai kupewa wake. Katibu wa kikundi ni mimi. Niliuliza kama kuna anayepinga, watu wakatazama chini, nikalikata jina lake.