Safu ya Mikoko Mlangoni mwa Maji

Mimi tangu utotoni ni mtu wa changu. Nilizaliwa Muyeye, Malindi, katika nyumba iliyojaa watu hadi leso moja ikavaliwa na watatu, nikaapa kwamba nikikua nitakuwa na sahani yangu, mto wangu na sanduku langu lenye kufuli. Nilipoolewa Matsangoni nilikwenda nalo hilo sanduku. Wifi yangu, dada wa mume wangu, aliliangalia lile kufuli, kisha akaniangalia mimi.

"Huku kwetu, wifi," akasema, "mwizi ni kaa tu, na kaa hafungui kufuli."

Nayasema haya mapema ili mtu asije akadhani kwamba katika jambo la mikoko nilianza nikiwa malaika.

Kijiji chetu kimepakana na mkono wa bahari ambao maji yake huingia na kutoka kwa mlango mmoja mwembamba. Mikoko ya zamani ilikatwa ikaisha, ikawa boriti na kuni. Ukiuliza nani aliyekata, kila mmoja siku hiyo alikuwa safarini. Basi maji ya bamvua, yale makuu ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, yakapata njia. Kila mwaka yalipanda zaidi, na waliosoma wakatueleza kwamba dunia inapata joto na bahari inavimba. Mimi sikuhitaji kuelezwa. Jiko langu la udongo nyuma ya nyumba lilikuwa linaingia chumvi, ukuta unamomonyoka, na asubuhi moja nikalikuta figa langu limefika kwa jirani.

Tulipounda kikundi cha akina mama cha kupanda mikoko, tulianza kwa shangwe. Walikuja wageni, tukagawiwa fulana, tukapigwa picha tumeshika mbegu za mkoko, zile ndefu kama bamia iliyosahauliwa shambani. Tulipanda eneo zima kwa siku moja. Baada ya miezi miwili haukubaki mche hata wa kumwonyesha mtu. Mwani uliletwa na maji ukailalia miche, mbuzi wakapita, na kila mmoja wetu alidhani mwenzake amekwenda kuiangalia. Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Sisi tulikuwa hodari wa mimba.

Katika mkutano nikasimama. Nikasema kitu cha wote hakina mama. Kila mtu apewe safu yake, ikistawi iwe yake, ikimfia aone haya yeye. Zikazuka kelele. Mmoja aliniuliza kama kesho nitaleta na kufuli la bahari. Lakini nilikuwa na hoja ambayo kila mtu wa pwani anaijua: kwetu shamba laweza kuwa la mtu na minazi iliyomo ikawa ya mwingine. Marehemu baba yangu alikuwa na minazi yake ndani ya kiwanja cha watu, na hakuna aliyemzuia kuja kuangua nazi. Sasa tope lile ni la umma, sisi tuna kibali tu cha kupanda na kutunza. Basi tope libaki la wote, anayepita apite na anayevua avue, lakini mti uwe wa aliyeupanda.

Wakakubali. Na kwa kutaka kuonyesha kwamba mimi ni binti wa mjini, niliyekulia kwa watu wa sharia, nikaongeza kanuni moja: shufaa. Yaani mwenye safu akitaka kumwachia mtu wa nje, wenzake wawe na haki ya kuichukua kwanza, kwa yale yale aliyoahidiwa na huyo mtu. Niliieleza kwa madaha, mkono kiunoni. Wifi yangu, ambaye ndiye katibu wetu, aliiandika neno kwa neno.

Na jamani, mambo yalikwenda! Kila mmoja alifunga kipande cha leso yake kuukuu kwenye mti wa kwanza wa safu, na tangu siku hiyo wale waliokuwa hawaamki wakaonekana topeni alfajiri wakiondoa mwani. Tulichunguliana safu kama wake wenza wanavyochunguliana vyungu. Mimi nilipangiwa mlangoni mwa maji, mahali pagumu kuliko pote, na miche yangu ikasimama. Mwaka wa tatu ilinifika kifuani. Nilikuwa nakwenda kuitazama bila sababu yoyote, nikijiona tajiri.

Ndipo akaja bwana mmoja mwenye kofia ya ukili na ramani iliyotiwa plastiki. Alisema anafanya kazi na kampuni yenye ofisi upande wa Bofa. Alikuja kwangu kwanza.

"Shikamoo, mama. Nimeambiwa wewe ndiwe uliyegawa mikoko hii."

"Marahaba. Ndimi."

"Basi tutaelewana. Kisicho na mwenyewe hufa, na wewe umelijua hilo kabla yetu."

Maneno hayo yaliniingia kama chai ya tangawizi. Akanifafanulia. Kampuni yake ingechukua haki ya safu zote, ijenge ua, iweke walinzi, iwe mmiliki mmoja anayejulikana. Mataifa yenye viwanda yangelipa kwa sababu mikoko hiyo inameza moshi wao. Miti itapona, dunia itapoa. Na kwa kuwa lango la walinzi lingekuwa mlangoni mwa maji, kwenye safu yangu, mimi ningejengewa jiko la mawe lenye sakafu iliyoinuliwa.

"Na watu wa kaa?" nikauliza, maana wifi yangu ni mvuvi wa kaa.

"Watatafuta pengine, mama. Mikoko haitaki miguu ya watu."

Hapo ndipo ilipofaa niinuke. Sikuinuka. Niliwaza jiko, nikampa neno langu, nikammiminia na kikombe cha pili.

Jioni ile ile nikamweleza wifi, nikitarajia pongezi. Alikuwa ametoka topeni na kikapu chake cha kaa. Kaa hao huuzia mahoteli ya Watamu, na ndio waliosomesha wanawe wote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanawa miguu pole pole, akaingia ndani na kutoka na daftari la kikundi.

"Soma hapa, wifi."

"Nakijua kilichoandikwa."

"Soma."

Nikaisoma shufaa yangu kwa mdomo wangu.

"Amekuahidi nini huyo bwana?"

"Jiko."

"La mawe?"

"La mawe, na sakafu ya juu."

"Basi sisi twatoa jiko la mawe na sakafu ya juu. Safu twaichukua sisi."

Nilicheka kwa dharau, nikamwambia hata mawe ya kuchomea mkate hawana. Lakini moyoni nilichemka. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu, na mkuki huu nilikuwa nimeuchonga mwenyewe. Nilinuna siku tatu. Mume wangu alikula mboga isiyo na chumvi siku zote hizo, na maskini hakuhusika kwa lolote.

Siku ya nne nikasikia sauti nje. "Mweria! Mweria leo!" Hivyo ndivyo wanavyoitana huku kwenda kumfanyia mwenzao kazi. Nilichungulia pazia nikaona msururu wa akina mama, kila mmoja na jiwe kichwani, mawe waliyoyatoa kwenye gofu la nyumba ya mmoja wao. Mume wa wifi, ambaye ni fundi, alikuwa ameshapiga kamba ya msingi. Nilikaa ndani hadi adhuhuri, nikijifanya naumwa. Aibu ikanitoa na ndoo ya maji. Ilipofika alasiri nilikuwa nabeba mchanga kama wengine, na hakuna aliyenisema neno.

Siku ya tatu ya kazi jiko likasimama. Wifi akaleta daftari, nikatia sahihi, safu yangu ikawa ya kikundi. Nililia mbele za watu, kwa haya na kwa furaha vikiwa vimechanganyika, na siwezi hadi leo kuvitenga.

Bwana wa ramani alirudi maji yakiwa yamekupwa, na karatasi zake mkononi. Alitukuta sote topeni, kila mmoja kasimama kwenye safu yake. Akanitabasamia.

"Mama, tuanze na yako."

"Si yangu tena."

"Umempa nani?"

"Sisi!" wakaitikia wote, hata ndege wakaruka.

Akamgeukia wa pili. Huyo naye akamwambia hana ruhusa ya kutoa kabla ya kuwauliza wenzake. Wa tatu hivyo hivyo. Nilijua kwamba wawili kati yao walikuwa wameshampa neno kwa siri kama mimi, nao wakajifanya hawamjui.

"Lakini lazima pawe na mwenyewe!" akasema, jasho likimtoka. "Nizungumze na nani?"

"Karibu, bwana," wifi akamjibu. "Twaa mbegu, panda, uilee miaka mitatu. Hapo utakuwa mwenzetu, na daftarini tutakuandika."

Vigelegele vilivyopigwa siku ile vilifika barabara ya lami. Alipogeuka kuondoka, tope likamvua kiatu kimoja. Tukakiosha, tukamfuata nacho hadi kwenye gari, kwa kuwa adabu ni adabu.

Bamvua la mwaka huu lilikuja kwa kishindo. Likapita mlangoni, likapenya katikati ya mikoko ambayo sasa imenipita kimo, na lilipofika uwanjani kwetu lilikuwa limechoka. Jiko langu halikuingia hata tone. Nilipika wali wa nazi huku nimesimama pakavu, nikaimba kwa sauti yangu mbaya, na sikumwomba mtu radhi.

Katika kikundi kizima, mimi peke yangu ndiye nisiye na safu. Wamenionyesha mahali papya, sijachagua. Lakini maji makuu yakishatoka huwa nakwenda pale mlangoni kuondoa mwani. Juzi wifi alinikuta nimezama hadi magotini, na wenye safu zao wengine bado wamelala.

"Wifi, wajua hii mikoko si yako?"

"Ndiyo sababu nimewahi," nikamwambia. "Ingekuwa yangu, ningesema nitakuja kesho."

Akacheka, akakunja leso yake, akaingia topeni.